Wimbo Huu Kaimbiwa Nani? Wasikilizaji wa Taarabu na Suala la Mwambiwa

Wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili wanapozifikia nyimbo za taarabu huanza na mtunzi, wakaendelea na vina, mizani na tamathali, kisha wakamalizia na dhamira. Msikilizaji hutajwa mwishoni, tena kwa dharau kidogo, kama mtu asiyeijua sanaa na ambaye shughuli yake ni kuuliza tu: wimbo huu kaimbiwa nani? Swali hilo huitwa umbeya. Makala haya yanashikilia kwamba ni swali la kihakiki hasa, kwamba wanaoliuliza wana kanuni zao za kulijibu, na kwamba mhakiki anayelipuuza huukosa utungo nusu yake.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi taaluma yenyewe ilivyojengwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mvita takriban kati ya 1776 na 1840, yanasomwa leo kama mashairi ya siasa: mapambano ya Mazrui na Seyyid Said, vitisho, kejeli, majibizano na watu wa Unguja na Lamu. Lakini mengi kati yake, yakiachwa peke yake, hayasemi hivyo. Husema habari za chombo, mnyama, nyumba, au mtu asiyetajwa jina. Tunajua yalimwendea nani kwa sababu Padre W. E. Taylor, miongo kadhaa baada ya kufa kwa Muyaka, aliandika maelezo aliyopewa na Mwalimu Sikujua Abdallah. Na kazi hiyo ndiyo iliyozaa diwani ya Hichens ya 1940 na kuufaa uchambuzi wa Mohamed Abdulaziz wa 1979. Mwalimu Sikujua alikuwa mshairi na mjuzi, hapana shaka. Hata hivyo, kuhusu Muyaka alikuwa msikilizaji aliyepokea habari kwa waliomtangulia: shairi hili kaambiwa fulani, siku fulani, kwa jambo fulani. Basi ni ajabu kwamba habari ya namna hiyo ikitoka katika daftari la Mwalimu Sikujua huitwa ithibati, na ikitoka kwa mwanamke aliyekaa mkekani arusini Kibokoni huitwa umbeya.

Kanuni za wasikilizaji ni zipi? Ya kwanza imo katika sarufi. Kiambishi a- hakimtengi mwanamume na mwanamke, wala -ku- ya mtendwa haimtengi. Malalamiko aliyoyatunga mwanamume yaweza kuchukuliwa na mwanamke bila ya silabi moja kubadilishwa. Hapa taarabu ya Kiswahili ina wepesi ambao nyimbo za Misri zilizoichangia sana hazikuwa nao. Kiarabu humtenga mwambiwa mume na mwambiwa mke, na watunzi wake wamezoea kumsemesha mpenzi kwa umbo la kiume hata akiwa mwanamke, ili wapate sitara. Mswahili amepewa sitara hiyo bure.

Lakini upatanisho wa ngeli humfichua mtunzi asipoangalia. Akisema tunda limeiva, limetunguliwa, limeliwa, msikilizaji bado yumo bustanini. Mara atakapoteleza akasema kwamba tunda amemsahau, badala ya limemsahau, ukumbi mzima hutambua kwamba bustani imekwisha na anayesemwa ni mtu. Wapo wanaoteleza kwa makusudi, ubeti wa mwisho, na wasikilizaji huungoja ubeti huo. Njiwa, kasuku na ndege wengine hawana kasoro hiyo, kwa kuwa viumbe hai huchukua a-wa tangu awali. Huenda hiyo ikawa sababu mojawapo ya watunzi kuwapenda. Mwanamke asiyepata kusikia neno ngeli huusikia mtelezo huo mara moja, na kwa ushahidi huo huo hugeuka kumtazama anayehusika.

Kanuni ya pili haimo katika maneno, nayo ndiyo inayopotea pindi wimbo unapochapwa kitabuni. Ni kutuza. Kelly Askew, katika kitabu chake cha 2002 juu ya muziki na siasa Tanzania, ameieleza kwa kirefu kutokana na aliyoyaona Tanga. Mtu huinuka kitini akaenda kwa mwimbaji, noti mkononi, si wakati wowote bali mstari alioutaka unapofika. Hupunga noti hiyo, akapita mbele ya mtu fulani au akamwelekezea jicho, kisha akaitoa. Kwa tendo hilo maneno si ya mwimbaji tena. Aliyetuza ndiye asemaye, na aliyepitiwa mbele ndiye aambiwaye, hata kama mtunzi hakupata kuwajua wote wawili. Jirani akiinuka katika ubeti unaofuata akatuza kwa kurudisha, mwambiwa amegeuka msemaji, ndani ya wimbo mmoja. Mambo hayo si mzaha: ugomvi wa mitaani na kuvunjika kwa urafiki vimetokana nayo. Wala hakuna anayeshtakika, kwa kuwa mwenye kutuza aweza kusema ameipenda sauti tu, kama vile mwenye kuvaa kanga aweza kusema ameyapenda maua yake na jina hakulisoma.

Kwa hiyo wanaokosea si wanaouliza swali, bali wanaodhani kwamba jibu ni jina moja lililofichwa katika maisha ya mwimbaji. Kosa hili ni la wasikilizaji wengi, na wasomi pia hawakusalimika nalo. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mapenzi yenye majonzi kwa sauti iliyomfanya kila msikilizaji aamini kwamba anasikia siri ya mwimbaji. Lakini mengi ya maneno hayo yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita. Zein l'Abdin naye aliimba tungo za Sheikh Ahmed Nabhany. Aidha, ilikuwa desturi mtu mwenye jambo lake kumwendea mshairi amtungie. Basi katika wimbo mmoja huweza kuwamo mwenye jambo, mtunzi, mwimbaji na mtuzaji, na kila mmoja akawa na mwambiwa wake. Kumtafuta huyo mmoja ni kuifanya taarabu kitendawili, na fumbo la taarabu si kitendawili. Halina mji wa kutoa.

Hata jina likitajwa wazi, jambo haliishi. Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, aliimba habari ya mtu aliyeitwa Kijiti na mwanamke aliyeuawa Unguja. Jina limo, hapana cha kufumbua. Hata hivyo, kama alivyoonyesha Laura Fair (2001), aliyewahoji wazee wa Unguja waliozijua nyimbo hizo, wimbo ule ulikuwa pia lawama juu ya mahakama ya kikoloni na hukumu zake. Atajwaye si lazima awe ndiye aambiwaye. Mipasho ya Dar es Salaam ya miaka ya 1990 yaonyesha jambo hilo kwa upande wa pili. Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano walipokuwa wakirushiana maneno, mashabiki walijua nani kamwambia nani; kesho yake kanda zile zile zilifunguliwa sauti ya juu dirishani, zikamwendea jirani ambaye si mwimbaji wa kundi lolote.

Haya yanaugusa ufundishaji. Wanafunzi hupewa utungo uliokwisha kuvuliwa mwimbaji, tarehe, arusi na tuzo, wakaulizwa nani anaambiwa. Nao hujibu, mpenzi wake, wakapewa alama. Jibu hilo lingechekwa na mama zao.

Dawa iliyo karibu ni kuwaendea waliohudhuria arusi za Mombasa na Lamu za miaka ya 1970 na kuwauliza, kabla hawajaondoka. Zein aliondoka 2016, Nabhany 2017. Lakini hapo pana tatizo ambalo Mwalimu Sikujua hakuwa nalo, kwani aliyemweleza Taylor habari zao walikuwa marehemu. Kuliandika jina la mwanamke aliyetuziwa mbele ya macho mwaka 1974, naye yu hai na wajukuu wake wanasoma, ni kumnyang'anya ile sitara ambayo wimbo ulimwachia. Yaweza kuandikwa mstari uliotuziwa, aliyetuza alikuwa nani kwa aliyepitiwa, wifi au mke mwenza au jirani, na kwa nini waliokuwapo waliamini hivyo. Jina lenyewe wahakiki waliache mkekani.