Undugu wa Miji katika Mizani ya Omukago

Undugu wa miji ya nchi mbalimbali umekuwa jambo la fahari nchini mwetu. Mwanza ina undugu na Würzburg ya Ujerumani tangu 1966, na Tampere ya Finland tangu 1988. Dar es Salaam ilifungamana na Hamburg 2010, na Moshi na Tübingen 2014. Hatukatai kwamba mahusiano hayo yamezaa matunda. Lakini neno "undugu" ni zito katika utamaduni wetu, nasi hatuna budi kulipima kwa mizani yetu wenyewe.

Wazee wa nchi za Maziwa Makuu, tangu Buganda hadi Uhaya, walikuwa na mkataba uitwao omukago. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja walichanjwa karibu na kitovu, damu ikapakwa kwenye mbegu za kahawa, kisha kila mmoja akala mbegu yenye damu ya mwenziwe. Tunda la kahawa lina mbegu mbili, na kila mmoja alipata yake. Tangu siku hiyo walilindana na kusaidiana katika shida, na aliyevunja ahadi alijitakia maangamizi. Hapakuwa na mfadhili wala mfadhiliwa.

Kwa mizani hiyo, undugu mwingi wa leo ni mwepesi. Mara nyingi upande mmoja hutoa, na wa pili hushukuru na kuwachezea wageni ngoma. Huo ni ufadhili. Una faida zake, ila jina lake si undugu.

Wilaya ya Karagwe, na ya Kyerwa iliyomegwa kutoka kwake 2012, zina mfano ulio karibu zaidi. Murongo, iliyoko Kyerwa, inatazamana na Kikagati ya Uganda, mto Kagera ukipita kati. Mnyambo na Mnyankole husikilizana bila mkalimani. Wakoloni waliufanya mto huo mpaka wa dola mbili, na vita vya 1978–79 vikaleta uadui. Hata hivyo ujirani haukufa. Leo mtoni hapo pamejengwa mtambo wa umeme wa megawati 14, na umeme wake hugawanywa nusu kwa nusu baina ya nchi hizo mbili. Hizo ndizo mbegu mbili za tunda moja.

Lakini tusisifu kupita kiasi. Mkulima avushaye kahawa yake kwenda kutafuta bei nzuri ng'ambo huitwa mtu wa magendo. Umeme umepata mkataba wa haki. Kahawa, iliyokuwa kiapo chenyewe, bado haijaupata.

Kwa hiyo halmashauri zetu zitafutapo ndugu wa mbali, na zifanye hivyo kwa heshima; ila kwanza zikae na jirani wa ng'ambo ya mto, wazungumze bei, ushuru na soko la pamoja. Undugu usiogusa jasho la mkulima utabaki kuwa karatasi.