Tai wa Groot Constantia

Juu, usoni mwa ghala la mvinyo la Groot Constantia, Cape Town, lililojengwa 1791, Anton Anreith alimchonga Ganymede: kijana wa hadithi za Kigiriki aliyenyakuliwa na tai wa Zeus ili akawe mnyweshaji wa miungu. Vitoto vinono vimemzunguka. Wageni wenzangu waliisifu sanamu kwa furaha yake. Furaha ipi? Kijana kaibwa kwao akawamiminie mabwana! Na mashamba haya ya Rasi yalilimwa na watumwa, wengine kutoka Msumbiji na Bukini. Sidhani Anreith aliwakusudia. Sanamu imewataja hata hivyo. Nyumba kuu ina maonyesho ya utumwa. Mimi ningeanzia hapa nje, kwa huyu tai.