Mia na themanini ya Vitz inatoka wapi?

Vitz ya kizazi cha pili, ile ya 2005 hadi 2010, ina spidomita katikati ya dashibodi, na namba zake zinaishia 180. Gari hilohilo liliuzwa Ulaya kwa jina la Yaris. Lile lenye injini ya lita 1.0 na nguvu za farasi 69 lilitajwa na watengenezaji wenyewe kuwa mwendo wake wa mwisho ni kilomita 155 kwa saa. Hizo 25 zilizozidi ni za nani?

Swali hili ninalo tangu siku nilipomsindikiza shemeji yangu yadi kununua gari. Kijana aliyekuwa akituhudumia hakuanza na boneti. Aliingiza kichwa dirishani, akagonga kioo cha spidomita kwa ukucha, akasema, "Hii inalala mia themanini, bosi." Shemeji akatabasamu. Nikajua hapohapo kwamba habari ya kupunguziwa bei imekwisha.

Tuanze na upepo, maana ndiye anayeamua. Kwa mwendo wa mjini injini inahangaika zaidi na uzito wa gari na msuguano wa matairi. Ukishapita mia, kazi kubwa ni kuisukuma hewa iliyo mbele, na hewa ina tabia mbaya: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa kuishinda inaongezeka mara nane. Kwa Vitz yetu, chukua 180, gawa kwa 155, jibu lipandishe kwa kipeo cha tatu. Unapata kama 1.57. Zidisha kwa farasi 69 na unafika karibu farasi 108. Kwa maneno mengine, ili mshale ufike mwisho kwenye barabara tambarare, Vitz ya lita moja ingehitaji zaidi ya nusu ya injini nyingine iongezwe juu ya ile iliyonayo.

Injini hiyo ilikuwepo. Kizazi hichohicho cha Vitz kilikuwa na toleo la RS, lita 1.5, farasi wapatao 110. Ndugu wa tumbo moja, mmoja ana miguu ya kufika huko na mwingine hana, lakini wote wamepewa kipimo kimoja. Kiwanda kinapotengeneza familia ya gari hakipangi upya kipimo kwa kila injini. Kufanya hivyo ni kuongeza michoro, majaribio na spea za kuweka stoo, na yote hayo kwa faida gani? Mwenye lita moja anapewa namba ya kaka yake, kama tulivyorithi sare za shule zenye mikono mirefu.

Hata hivyo maelezo hayo peke yake hayatoshi. Angalia Probox, angalia Premio, angalia Mark X: yote yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani yanaishia 180. Mark X ina injini ya V6 ambayo ingeweza kuipita 180 na kuendelea. Haipiti kwa sababu watengenezaji wa Japani walikubaliana kwa hiari yao kwamba magari ya kuuzwa nyumbani kwao yakifika 180 kompyuta iyakatie mafuta. Magari madogo ya cc 660, jamaa za hizi Kirikuu zinazobeba maji na mbao mitaani kwetu, yalipewa mpaka wa 140, na spidomita zake zinaishia hapohapo. Kwa hiyo 180 ni mpaka uliochorwa na nchi nzima kwa pamoja, na kila gari likapewa uso huo bila kujali pafu lake. Kwenye Vitz namba inadanganya kwa kuzidisha, kwenye Mark X inadanganya kwa kupunguza. Haikuwahi kuwa habari za injini ya gari moja.

Niliuelewa mkasa huu vizuri zaidi gereji, eneo la Gerezani, kwa fundi anayetengeneza dashibodi za magari makuukuu. Mezani alikuwa na spidomita ya lori iliyofunguliwa. Ndani mlikuwa na vitu vichache kuliko nilivyotarajia: sumaku ya duara ndogo kama kifuniko cha soda, bakuli la alumini lililoifunika bila kuigusa, springi nyembamba kama unywele, na mshale. Kebo kutoka kwenye giaboksi huizungusha sumaku. Alumini haivutwi na sumaku, hilo kila mtoto aliyechezea spika mbovu analijua, lakini sumaku inapozunguka karibu yake huzalisha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo huzaa usumaku wake. Bakuli linaburutwa. Springi inalivuta lirudi. Mahali wawili hao wanapopatana nguvu ndipo mshale unaposimama. Ubunifu huu ni wa Mjerumani Otto Schulze, aliyepata hataza yake 1902, na uliendelea kuongoza madereva kwa sehemu kubwa ya karne ya 20.

Fundi akachukua drili, akafunga ncha ya kebo kwenye mdomo wake, akabonyeza. Mshale ukaruka kutoka sifuri, ukapita 60, ukapita 100, ukaenda kutulia karibu na 120, ukitetemeka. Lori lenyewe, aliniambia, hata likiwa tupu na kwenye mteremko halijawahi kuona 90. "Mshale hauna habari na gari," akasema, huku akizima drili. "Wenyewe unajua kitu kimoja tu, kuna kitu kinazunguka." Kisha akafungua skrubu mbili kwa bisibisi, akaniwekea mkononi ile sahani yenye namba. Bati jembamba lililopakwa rangi. Ndiyo 120 yenyewe hiyo.

Magari ya siku hizi hayana kebo. Sensa inahesabu mizunguko ya gurudumu au ya giaboksi, kompyuta inapiga hesabu, na mota ndogo inausogeza mshale hadi pale ilipoambiwa. Lakini sahani bado ni sahani, na mchoraji wake bado ana uhuru uleule wa kuamua namba ya mwisho iwe ipi.

Mchoraji huyo hafuati matamanio tu. Kuna sababu moja nzuri ya kuongeza nafasi, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, ijapokuwa wauza magari hawaitaji kamwe. Dereva hasomi spidomita, anaiibia jicho. Kitu rahisi kuliko vyote kwa jicho linaloibia ni mshale uliosimama wima, juu katikati, kama saa sita kamili. Sasa piga hesabu kwa sahani yenye mizani sawa pande zote. Nusu ya 180 ni 90, na kwenye barabara kuu za Japani mwendo wa kisheria kwa miaka mingi ulikuwa 100. Land Cruiser nyingi zinazotoka Dubai zimeandikwa hadi 240. Nusu yake ni 120, mwendo wa barabara kuu za kule, na ndio mwendo ambao magari mengi ya Ghuba yalikuwa yakianza kulia kengele ukiupita. Yaris iliyouzwa Marekani miaka ya mwanzo ya 2010 iliandikwa hadi maili 140 ilhali injini yake ya farasi 106 iliishia maili 109. Nusu ya 140 ni 70, na hapo ndipo Mmarekani anaposafiria. Namba ya mwisho inapatikana kwa kuanzia katikati. Si kila sahani iko hivi, wapo Wajerumani wanaobana namba za juu ili za mjini zipate nafasi, lakini ukianza kuzikagua utaona ni nyingi mno kuwa bahati.

Ongeza na kanuni ya kila mwenye mizani: chombo kisifanyie kazi kwenye ncha yake. Muuza nyama hapimi kilo mbili kwa mzani unaoishia kilo mbili. Gari lenye mwisho wa 155 kwenye tambarare linaweza kuupita huo mwisho likiteremka na upepo ukiwa mgongoni, na mshale lazima uwe na pa kwenda.

Kwenye nafasi hiyo kuna uongo mwingine mdogo, huu ukiwa umeruhusiwa kisheria. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inakataza spidomita kuonyesha mwendo ulio chini ya ule halisi, hata kwa kilomita moja. Kuzidisha kunaruhusiwa, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ukiwa kwenye 80 halisi, mshale unaruhusiwa kusoma hadi 92. Ndiyo maana simu yenye GPS hukuambia 94 wakati dashibodi inakuambia 100, na ndiyo maana yule rafiki yako aliyefika "mia na sabini" na gari la lita moja huenda hakufika hata 160. Mwenye kupigwa tochi anayejitetea kwamba spidomita yake ilisoma chini ya ilivyopimwa ana kazi kubwa mbele yake, na elfu thelathini zake za faini zinajua njia.

Je, sahani ndefu inamshawishi mtu akanyage zaidi? Wamarekani walilijaribu jambo hili kwa vitendo. Mwaka 1974, katika shida ya mafuta, mwendo wa juu kwa nchi nzima uliwekwa maili 55, yaani kama kilomita 89. Kisha mamlaka yao ya usalama wa magari, wakati huo chini ya Joan Claybrook, ikatoa kanuni iliyoanza kutumika Septemba 1979: spidomita ya gari jipya isiandikwe zaidi ya maili 85, karibu kilomita 137, na ile 55 itiwe alama ya kuonekana. Mawazo yao yalikuwa kwamba dereva asipoona namba kubwa hataitamani.

Kilichofuata ni kichekesho. Chevrolet Corvette ya 1980, gari la michezo lisilo na shida kupita maili 100, ilitoka kiwandani na sahani inayoishia 85. DeLorean nayo, lile gari la milango inayofunguka kama mbawa, ikapewa 85. Miaka michache baadaye, 1985, waliotengeneza filamu ya Back to the Future walitaka gari hilo lisafiri kwenye wakati likifika maili 88. Sahani haikuwa na 88. Ikabidi wabandike nyingine inayofika 95.

Nje ya sinema, aliyekuwa na gari lenye uwezo alikanyaga kama kawaida. Mshale uligonga kizuizi pale 85 ukalala hapo, na kuanzia hapo hakujua kama yuko 90 au 115. Sheria ilimnyima habari, haikumnyima mwendo. Serikali ya Reagan iliifuta 1982, ikisema hakuna faida kubwa ya usalama iliyotarajiwa. Mimi siipendi sana serikali ile, lakini hapo naona ilisema kweli.

Linganisha na Kenya. Waziri John Michuki alipotoa kanuni zake mwishoni mwa 2003, zikaanza kubana Februari 2004, hakugusa sahani ya matatu hata moja. Aliagiza kidhibiti mwendo kinachoizuia injini isipite kilomita 80 kwa saa, pamoja na mikanda ya abiria. Nissan iliendelea kuonyesha namba zake zote hadi mwisho huku mguu wa dereva ukiwa hauna la kufanya. Kwamba baadaye wako waliojifunza kuvichokonoa vidhibiti hivyo usiku gereji ni habari nyingine, lakini hata wao wanathibitisha hoja. Hakuna aliyehangaika kubandua namba, walikwenda moja kwa moja kwenye mafuta. Wajapani na kikomo chao cha 180 walifanya vilevile.

Ubaya wa sahani, basi, uko yadi kuliko barabarani. Pale inatumika kama cheti, na mnunuzi anaiamini kwa sababu imechapwa kiwandani, nyuma ya kioo. Namba zenye maana kwenye gari lile zipo, ila zimeandikwa pasipo na taa. Inama kwenye tairi. Baada ya vipimo kama 175/65R14 kuna tarakimu mbili na herufi moja, mfano 82S. Herufi hiyo ndiyo mwendo ambao tairi lilijaribiwa kuuvumilia: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, na hizo ni za tairi zima, lenye upepo sahihi na mzigo usiozidi. Pembeni kidogo, ndani ya umbo la yai, kuna tarakimu nne: 2314 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Gari la shemeji lilikuwa na matairi ya miaka tisa mbele na kumi nyuma. Tuliyasoma tukiwa tumeshalipa. Wewe yasome kabla.