Gemu 9 Zilivyoshinda Gemu 10

Neno "seti" si geni Garissa. Yeyote aliyecheza voliboli kwenye uwanja wa shule wenye vumbi anajua kwamba seti ikiisha, pointi zake hazihamii seti inayofuata. Mwenye kujua hilo tu ameshapata ufunguo wa fainali ya tenisi ya Wimbledon ya wasichana wawili wawili ya Julai 2022.

Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi waliwashinda Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada kwa 3-6, 6-4, 11-9. Katika tenisi seti huundwa na gemu, na gemu huundwa na pointi. Jumlisha gemu za seti mbili za kwanza, 3-6 na 6-4: washindi 9, walioshindwa 10.

Ndani ya gemu, pointi husomwa 15, 30, 40, na sifuri huitwa "lavu", mapenzi yasiyoleta chochote. Mchezaji mmoja ndiye anayeanzisha mpira gemu nzima, na kwa kawaida upande wake ndio wenye nguvu. Wapokeaji wakiichukua gemu hiyo, wamefanya breki. Si breki ya lori la Wajir. Hii haisimamishi kitu, inavunja. Seti ya 6-4 ina gemu 10, kila upande umeanzisha 5. Kwa hiyo, hata kama hukuitazama mechi, unajua kwamba Okutoyi na Nijkamp walivunja angalau mara 1.

Seti ya tatu haikuchezwa. Badala yake iliwekwa taibreki ndefu, ambayo pointi zake huhesabiwa moja moja: wa kutangulia kufika 10 hushinda, mradi awe mbele kwa 2. Kama matokeo yangefika 10-8, mambo yangeishia hapo. Hivyo 11-9 haifikiki bila kupitia 9-9, na hapo ndipo penye utamu.

Katika taibreki, upande wa kwanza huanzisha mpira mara 1, kisha pande hupokezana mara 2, mara 2. Hesabu kwa vidole: pointi ya 19 inaangukia upande mmoja, ya 20 upande wa pili. Okutoyi na Nijkamp walizihitaji zote mbili, wakazipata, na moja kati yake ilikuwa ya mpira wa Wakanada. Wachezaji huiita breki ndogo. Ndivyo Okutoyi alivyokuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam, yaani mashindano makubwa ya tenisi kama Wimbledon: mojawapo ya pointi mbili za mwisho hakuianzisha yeye wala mwenzake.