Ngoma Isiyo na Mkono

Kinjeketile alipotoka majini, ngoma zililia kutoka kwenye spika mbili nyeusi zilizosimamishwa pembeni mwa jukwaa. Zilikuwa ngoma nzito, za aina ile tunayoisikia kwenye matangazo ya filamu za vita. Watoto waliokaa chini mbele walishtuka, kisha wakacheka. Mjomba wangu, ambaye amepiga ngoma kwenye harusi za hapa Chapwa tangu sijazaliwa, aliniinamia akasema: "Hiyo ngoma haina mkono."

Nilidhani anabeza kompyuta, kama wazee wengi wanavyofanya. Baadaye niligundua kwamba alikuwa amekwisha kulihakiki onyesho zima kwa maneno manne. Ninachofanya hapa ni kumfafanua tu.

Tamthilia ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Hussein ni mzaliwa wa Kilwa, upande ule ule wa kusini ambako Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905. Waliocheza ni kikundi cha vijana wa mtaani kwetu, ambao mchana wengi wao wanahangaika mpakani Tunduma: wapo wanaobadilisha fedha, wapo wanaopakia mizigo, wapo wa bodaboda. Walifanya mazoezi usiku kwa miezi miwili. Kwa upande wa uigizaji sina ugomvi nao. Ugomvi wangu uko kwenye sauti.

Nianze kwa kuwatendea haki. Chapwa si mahali pa kimya. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, na breki zake za upepo zinapuliza katikati ya sentensi ya mtu. Baa ina muziki wake, na mkesha wa maombi una spika zake. Kikundi kinachoingia ukumbini bila spika kimeshashindwa kabla pazia halijafunguliwa. Kijana aliyekuwa na kompyuta, ambaye hana hata miaka ishirini na mbili, aliniambia hivi nilipomuuliza kwa nini muziki ulikuwa mwingi: "Dada, nikiacha kimya watu wanatoa simu." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeitoa yangu mara mbili.

Lakini tuangalie sauti ile ilifanya nini ndani ya mchezo. Kinjeketile anarudi kutoka chini ya mto na ahadi mbili kinywani. Ya kwanza ni kwamba Wajerumani watafukuzwa. Ya pili ni kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani wataondolewa kwa bwana mmoja wakabidhiwe kwa mwingine. Watu wanaisikia ya kwanza na kuishangilia. Mwenyewe anaanza kuogopeshwa na ya pili. Kuanzia hapo mchezo unahusu mtu aliyelitoa neno, neno likamponyoka, na sasa anawaomba watu wasubiri wakati watu hawataki tena kusubiri.

Katika onyesho la kwanza, kila Kinjeketile alipotaka kusema mashaka yake, kijana wa kompyuta alibonyeza kitufe na ngoma zikakatika. Kimya. Kinjeketile akasema, tukamsikia vizuri, kisha ngoma zikarudi. Kwa utaratibu huo mashaka yake yalipewa nafasi na heshima kila mara. Tukabaki tukijiuliza: kama mtu huyu amesema wazi namna hii, mbona hawa wenzake hawamwelewi? Wakaonekana wajinga. Janga la wale watu ni kwamba ngoma haikunyamaza, na wao wenyewe ndio waliokuwa wakiipiga. Sauti ya onyesho ilituficha jambo hilo.

Hapo ndipo nilipomwelewa Mjomba. Ngoma yenye mkono ina mtu anayeweza kuamua. Anamwona mwigizaji akivuta pumzi, na anaweza kumwachia nafasi au kumnyima. Ngoma ya kwenye faili imeshaamua kila kitu kabla mwigizaji hajafika ukumbini.

Mwaka 1920 Mmarekani Eugene O'Neill aliandika The Emperor Jones, na humo akaagiza ngoma ianze kwa mapigo 72 kwa dakika, sawa na moyo wa mtu aliyetulia, kisha iongezeke kasi mfululizo mpaka karibu na mwisho. Jones anakimbia msituni, ngoma za wanaomwinda zinamfuata, na kadiri zinavyokazana hujui tena kama unasikia ngoma au moyo wake. Ngoma ile haimpishi Jones aongee. Nina shaka na "Afrika" iliyo ndani ya mchezo ule, na nadhani faili la "African war drums" alilolipakua kijana wetu ni mjukuu wake. Hata hivyo O'Neill alijua ngoma anaitaka ifanye kazi gani. Sisi tuliichukua sauti tukaiacha kazi.

Na kwa nini tuliifuata mbali hivyo? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando Mlama, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, kutengeneza michezo pamoja na wanakijiji. Walitumia ngoma na nyimbo ambazo watu wa pale walikuwa nazo tayari. Mtazamaji anayeijua ngoma anajua pia inapokosewa, na anajua inapigwa wakati gani na kwa sababu gani. Ngoma ya harusi ikilia chini ya kiapo cha vita, mtu wa Chapwa atasisimka na kuingiwa na hofu kwa pamoja. Ngoma ya intaneti haina harusi wala msiba wowote ndani yake.

Kosa la pili lilinigusa zaidi kwa sababu lilinishinda. Mwishoni Kinjeketile amekamatwa. Wajerumani wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Hussein anatuachia swali gumu: je, neno lisilo la kweli linaweza kuachwa liendelee kuishi kwa sababu litawapa nguvu watakaopigana kesho? Watu wamekufa wakiliamini neno hilo. Kijana wetu aliweka piano ya huzuni, taratibu, na fidla juu yake. Ukumbi ukalia. Mimi nikalia. Tulipotoka, shangazi mmoja jirani yetu akaniuliza huku akijifuta macho, "Sasa alikuwa anasema kweli au hapana?" Piano ilikuwa imeshamjibu kwamba huyu ni shujaa, msikitikie. Yeye machozi yalipokauka akalikuta swali bado lipo, ila hakuna aliyebaki ukumbini wa kubishana naye.

Nilimweleza kiongozi wa kikundi maneno ya Mjomba, nusu utani. Hakukasirika. Alimwalika aje Jumamosi iliyofuata na ngoma yake. Walifanya mazoezi kwa nusu saa tu, na nilijua mambo yatakwenda kombo.

Yalikwenda. Kwenye kiapo Mjomba alipiga ngoma yake, wale vijana wakacheza kwa miguu yao wenyewe, na watazamaji wakaanza kupiga makofi. Kinjeketile akainua mkono kuomba kusema. Mjomba hakuiona ishara, kwa kuwa wachezaji walikuwa wamemziba. Akaendelea. Mwigizaji akaanza kusema, hatukumsikia. Nyuma mtu akapaza sauti: "Hatusikii!" Mwigizaji akapiga kelele, mishipa ya shingo ikamtoka, na bado tulipata neno moja moja. Watu wake walikuwa wakicheza wakimpa mgongo. Sisi tulikuwa tukipiga makofi.

Kwa muda usiofika dakika moja nilimwona Kinjeketile wa Hussein. Sioni haya kusema kwamba ilikuwa bahati mbaya. Baada ya onyesho mwigizaji alimlalamikia Mjomba, kwa adabu lakini kwa uchungu: "Mzee, umeniua pale." Mjomba akaomba radhi. Alikuwa na haki ya kulalamika, kwani maneno yake aliyakariri kwa miezi miwili. Ningependa tu akubali kwamba pale alipokufa ndipo alipoigiza vizuri kuliko kote.

Kijana wa kompyuta alikuja na wazo lake: amrekodi Mjomba, ili onyesho lijalo asihitajike kuja. Nilitaka kucheka, kisha nikaona hajakosea sana. Meza yake ilikuwa nyuma ya pazia, karibu na soketi ya umeme, na kutoka pale hakuweza kumwona mwigizaji hata mmoja. Alikuwa akibonyeza kwa kusikiliza maneno na kuhesabu kichwani. Katika kumbi kubwa za Broadway meza ya sauti hukaa katikati au nyuma ya watazamaji, ili anayeiendesha aone na asikie wanachoona na kusikia wao. Kidole kilicho juu ya kitufe nacho ni mkono, mradi kina macho.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kikundi ni mdogo. Nunueni waya mrefu wa umeme. Itoeni meza nyuma ya pazia, muiweke pembeni mwa watazamaji, na ngoma ya Mjomba ikae hapo hapo. Kwenye mwisho iondoeni piano. Watu wakitoa simu, waacheni wazitoe, tuone watazishika kwa muda gani wakati mtu aliyefungwa anakataa kusema neno moja ambalo lingemwokoa.