Maua katika Picha za Mafuta za Mongolia

Miongoni mwa picha zichorwazo kwa rangi za mafuta, picha ya maua hudharauliwa upesi kuliko zote. Husemwa kuwa ni pambo la ukuta, kazi ya mkono mwepesi na fikira chache. Hukumu hiyo ikipelekwa Mongolia yaweza kumponza mhakiki. Huko, ua lililochorwa kwa sura yake halisi, lenye kivuli na uzito, si jambo la kale. Ni mgeni aliyeingia katika muda wa miaka mia hivi. Basi kabla ya kusema kuwa picha hiyo ni nzuri au mbaya, yafaa iulizwe kwanza mchoraji wake aliacha nini ili aweze kuichora.

Alichokiacha ni uchoraji wa watawa wa Kibudha. Katika sanaa hiyo rangi za madini zilisagwa, zikachanganywa na gundi ya ngozi, zikapakwa juu ya kitambaa cha pamba. Rangi ya namna hiyo hukauka upesi; kingo zake husimama wazi, na kitu hakiangushi kivuli. Maua yamo tele, na kubwa lao ni yungiyungi lililo chini ya miguu ya watukufu, ambalo maana yake ni usafi utokao matopeni. Hakuna aliyeuliza mwanga ulitoka upande gani wala saa ilikuwa ngapi, kwa kuwa ua hilo halikuchumwa mahali po pote. Msomaji wa Kiswahili hatastaajabu. Waridi na asumini za washairi wa pwani aghalabu si mimea ya bustani. Ni majina ya mpenzi. Ua ni fumbo, na fumbo halina haja ya kivuli.

Balduugiin Sharav (1869–1939) alianza kufungua mlango. Katika picha yake mashuhuri ijulikanayo kama "Siku Moja katika Mongolia", iliyomo katika Jumba la Sanaa la Zanabazar huko Ulaanbaatar, aliwajaza watu wa kawaida na kazi zao mahali palipozoea kukaliwa na watukufu. Lakini mkono wake ulibaki wa kale. Baada ya mapinduzi ya 1921 ndipo turubai, mafuta na mafunzo ya Kirusi vilipopata nguvu, na wachoraji kama N. Tsultem wakaenda kusoma Moscow. Mabadiliko hayo hayakuwa ya hiari tupu: mwishoni mwa miaka ya 1930 nyumba za watawa zilibomolewa na maelfu ya watawa wakauawa, na mkondo wa mafunzo ya kale ukakatika pamoja nao. Hata hivyo njia ya kale haikufa. U. Yadamsuren, katika picha yake ya mzee mpiga zeze ya 1958, alionyesha kuwa mstari ulio wazi na rangi isiyo na kivuli vyaweza kubeba mtu aliye hai. Kwa hiyo mchoraji wa Mongolia ashikaye mafuta hawezi kudai kuwa hakuwa na njia nyingine. Njia alizo nazo ni mbili, na yampasa aonyeshe kwa nini ameifuata hii.

Fadhila ya mafuta ni uvivu wake. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Huganda polepole kwa kuvuta hewa, kwa siku hata majuma. Rangi yaweza kuingizwa katika rangi ingali mbichi, na tabaka nyembamba kulazwa juu ya nyingine hata mwanga ukaonekana kupenya ndani ya petali. Hayo gundi na madini hayawezi kuyatenda kwa urahisi. Lakini ua hunyauka kabla picha haijakauka. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 na ya 18 walilijua jambo hili. Jan van Huysum (1682–1749) alisifika kwa kungoja msimu ili apate ua analolitaka. Matokeo yake ni kwamba katika chombo kimoja hukaa tulipu la masika ya Ulaya na ua la mwisho wa kiangazi. Kila petali ni kweli, na shada zima ni uongo.

Hapa ndipo Mongolia ina la kusema. Mvua yake kubwa hunyesha Juni hata Agosti, na mimea haina nafasi ya kungojana. Huchanua kwa haraka kabla baridi haijarudi. Yungiyungi jekundu la nyikani, ambalo wenyeji huliita saraana, na ber tsetseg la rangi ya samawi yaweza kuwa karibu katika majira yale yale. Shada lililokuwa hila huko Uholanzi laweza kuwa ushahidi huku. Mchoraji ayaachaye hayo, akachora mawaridi manene ya dukani ndani ya bilauri, chini ya mwanga usio wa dirisha lo lote, hachori maua, anakili nakala.

Tena kuna jambo zito zaidi. Kwa mfugaji, ua si kitu cha mezani. Yargui, ua la kwanza la masika, huchipuka wakati mifugo imedhoofu kwa majira ya baridi, nao kondoo na mbuzi hulitafuta walile. Mchungaji alionapo hufurahi kwa sababu kundi lake limesalia. Kulitia ua hilo katika chombo ni kulihamisha kutoka maisha ya kundi kwenda maisha ya chumba, na picha haina budi kuukiri uhamisho huo. Huukiri kwa mambo madogo: kikonyo kifupi, malaika yanayolikinga na baridi, jani lililong'atwa. Mkono upendao kulainisha huyafuta hayo yote, na kila unapofuta hudhani unaongeza uzuri.

Tangu mageuzi ya 1990 kishawishi cha kulainisha kimezidi, kwa kuwa mnunuzi mmojawapo ni msafiri atakaye picha ndogo, angavu, isiyomsumbua. Kuuza si aibu. Watawa nao walichora kwa malipo. Aibu ni kulichora ua ambalo halikuota po pote, bila kuwa na fumbo la kulitetea. Yungiyungi la watawa lilikosa udongo lakini lilikuwa na maana. Ua la mafuta limeiacha maana ile kwa ahadi ya kuleta udongo. Lisipouleta, limepoteza vyote viwili. Likiuleta, hata picha ya kikonyo kimoja ndani ya kikombe yastahili kuwekwa karibu na kazi za Sharav bila ya kuonewa haya.