Maji Mafu Yalikuwa Wiki Moja Mbele

Ukuta wa ufukweni pale Ushongo umesimama, na kwa macho ni mzuri. Saruji yake ndiyo mbaya. Nasema mapema ili aliyechoka na habari zangu za klinka, yale mawe ya tanurini yanayosagwa kuwa saruji, aende ukurasa wa michezo.

Mliokuwepo siku ya ujenzi mnakumbuka. Mifuko ya saruji ya daraja la 32.5 yenye pozolana, jivu la volkano, ilikwisha kuvushwa kwa pantoni Pangani na kupangwa kibandani. Asubuhi ile msimamizi akatazama kalenda: mwezi mpevu unakaribia, bamvua linakuja. Akaamuru mifuko irudishwe, iletwe CEM I 42.5R, klinka karibu tupu, kwa kuwa inakaza haraka na mbao zingefunguliwa mapema. Fundi mkuu alijaribu kusema neno. Akaambiwa, "Fundi, huu ukuta wa bahari, unataka saruji kali." Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, nikashika kichwa.

Haraka ya nini? Bahari ya Tanga hupanda zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua. Wiki moja baadaye ni maji mafu: bahari haifiki kwenye msingi, na zege linamwagwa bila kukimbizana na mawimbi. Mvuvi yeyote wa Ushongo angemwambia hayo bure. Badala ya kusubiri siku saba, akazilipia kwa klinka.

Na klinka ina gharama yake. Tani moja, hadi itoke kwenye tanuri la nyuzi 1,450 hivi, imekwisha kutoa takriban kilo 850 za kaboni dioksidi. Zaidi ya nusu haitokani na makaa bali na jiwe la chokaa lenyewe likiungua, kwa hiyo hata ukibadili moto, jiwe litatoa tu. Ndiyo maana dawa iliyo karibu ni kupunguza klinka mfukoni. Mifuko 100 ya CEM I ni tani 4 hivi za hewa hiyo. Theluthi ikiwa pozolana, hazifiki 3.

Ukuta bora basi angalau? Hakuna. Saruji ikikutana na maji huacha chokaa huru ndani ya zege. Bahari huimumunya, chumvi ikapata njia hadi kwenye nondo. Pozolana huikamata chokaa hiyo na kuifanya gundi, na vinyweleo vinazibika. Inachelewa, sikatai, siku 28 bado inaendelea kukomaa. Lakini ukuta huu unatazamana na Maziwe, kisiwa ambacho wazee wanakikumbuka kikiwa na miti na leo maji yakijaa hukioni. Kwa bahari hiyo, kukaza siku ya pili kunasaidia nini?

Kazi nyingine pale ni safi: mchanga wa mto uliooshwa, nondo zilizofunikwa vyema, kumwagilia siku saba bila kuruka.

Ugonjwa wetu ni kupenda namba kubwa. Watu wanapiga lipu ya choo kwa 42.5! Nimeandika hili mara ngapi? Mbeya wamechanganya pozolana ya Songwe kwenye saruji yao miaka na miaka na nyumba hazijaanguka. Huku kwetu, Baraza la Ushindani lilipozuia kampuni ya Scancem kuinunua Tanga Cement mwaka 2022, kila niliyekaa naye alibishana juu ya soko na bei ya mfuko. Kiwanda kikaishia kwa kampuni ya Amsons, na swali la kiasi gani cha klinka kinaingia mfukoni bado naliuliza peke yangu.

Mafundi wa kale wa Tongoni hawakuwa na kalenda ya ukutani. Walichoma matumbawe, wakaiacha chokaa ilale, wakajenga msikiti na makaburi ambayo kuta zake zinaonekana hadi leo, karne tano na zaidi, kando ya njia ya Pangani. Walikata mikoko kwa kuni za kuchomea, najua, msiniandikie. Lakini chokaa yao ikikauka huinywa tena hewa iliyotoka tanurini, na hakuna aliyewahi kuiharakisha.

Unayejenga ufukweni mwaka huu: kabla hujafungua mfuko, soma herufi zilizoandikwa ubavuni mwake. Ukikuta CEM I na msingi wako unalowa maji ya chumvi, mrudishie mwenye duka.